Jinsi ya kulinganisha mwanzo wa dini kubwa na tabia za madhehebu potofu bila kupendelea upande wako

Tangu Shakahola, kila mjadala wa dini huku Pwani lazima ufike mahali mtu atoe ile kauli, ati dini zote zilianza hivo hivo, kikundi kidogo na kiongozi mmoja mwenye maneno matamu, ni vile tu zingine zilibahatika zikakua zikapata misikiti na makanisa na wakubwa wa kuzitetea. Hapo hapo anatokea mwingine anajibu la hasha, yetu ndo ya kweli na hizo zingine ndo potofu, basi mjadala umefungwa. Mimi kauli zote mbili zinaniuma. Ya kwanza inamfanya mtu asione tofauti kati ya msikiti wa mtaani kwao na msitu wenye makaburi, na ya pili inamfanya asiione hatari ikija imevaa kanzu au joho la dini yake mwenyewe. Na hii si mada ya kupitisha wakati, watu wamekufa. Pale Shakahola, kaunti ya Kilifi, msituni kwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie waliokuwa wakifunga mpaka kufa, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi, na walioingia ule msitu hawakuwa wajinga, kulikuwa na waliosoma na waliokuwa na kazi zao nzuri.

Kwa hivo kulinganisha ni lazima, ila kuna namna yake. Nitaeleza vile mimi nafanya, na wewe uwe Muislamu au Mkristo au huna dini utaweza kuitumia, sharti ni moja tu, swali unalouliza wengine uulize na kwenu.

Anza kwa kutoa vitu visivyotofautisha chochote

Watu wengi wakitaka kulinganisha wanachukua orodha ya alama za hatari kwenye intaneti halafu wanaanza kutiki. Kiongozi mwenye mvuto, tiki. Wachache, tiki. Wanasema mwisho wa dunia u karibu, tiki. Wanakutana kwa siri, majirani wanawachukia, vijana wanagombana na wazazi juu ya imani mpya, tiki tiki tiki. Ukifanya hivo utapata kila dini duniani ni potofu, manake hizo ni alama za kitu kipya na si alama za kitu kibaya. Zitoe kabisa kwenye orodha yako.

Mfano ni Wakristo wa mwanzo. Tacitus, mwanahistoria wa Roma, akieleza ule moto uliounguza Roma mwaka 64 wakati wa mfalme Nero anaiita imani yao ushirikina wa kuangamiza watu. Uvumi wa mtaani ulikuwa ati wanakula nyama ya watu. Kisha kama mwaka 112 hivi, Plinio, gavana wa Bithynia, sehemu ambayo leo iko Uturuki, akaamua kuchunguza mwenyewe hawa watu ni kina nani, akawakamata wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa akawatesa waseme siri ya kikundi. Na barua aliyomwandikia mfalme Trajan ipo mpaka leo. Siri aliyoipata ni kwamba wanakutana siku maalum kabla ya jua kuchomoza, wanamwimbia Kristo kama Mungu, wanaapa kutoiba, kutozini, kutovunja ahadi, kutoikana amana ya mtu akija kuidai, halafu wanaachana na baadae wanakutana tena kula chakula cha kawaida tu. Basi. Gavana mzima ametesa watu akapata habari za kurudisha amana, na bado kuna wengine aliwaua kwa sababu ya ukaidi wao wa kukataa kuikana imani.

Makka ni hivo hivo. Mtume Muhammad (SAW) alianza kupata wahyi mwaka 610, na Quran yenyewe imehifadhi majina aliyoitwa, mchawi, kuhani, mshairi, mwendawazimu. Waislamu wa mwanzo walikuwa wakikutana kwa siri nyumbani kwa Arqam, na kama mwaka 615 wengine wakakimbilia Uhabeshi kwa Najashi, mfalme Mkristo, ambaye aliwasikiliza wakijieleza kwanza badala ya kuwarudisha kwa waliowafuata na zawadi.

Na karibu na sisi zaidi kuna Simon Kimbangu wa Kongo. 1921 alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa kule N'kamba, akiwaambia watu waache hirizi na waache ndoa za wake wengi, na mwaka huo huo Wabelgiji wakamkamata wakamhukumu kifo, mfalme wa Ubelgiji akabadilisha ikawa maisha. Alikaa jela miaka 30 mpaka akafia humo humo 1951 kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Serikali ilimwona mtu hatari, wamishenari wengi nao wakakubaliana nayo. 1969 kanisa lake likapokelewa kwenye Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kwa hivo kama kipimo chako ni vile serikali inasema au vile dini kubwa ya jirani inasema, ungemkosea Kimbangu, ungewakosea wale wanawake wawili wa Bithynia na ungewakosea waliokimbilia Uhabeshi.

Linganisha umri sawa

Hapa ndo wengi wanateleza. Unakuta mtu analinganisha Kanisa Katoliki la leo, lenye vyuo vikuu na hospitali na sheria zake za ndani, na kikundi cha miaka kumi cha mtu mmoja, halafu anasema ona tofauti. Hiyo si haki. Ukristo ulikaa karibu miaka 300 bila serikali yoyote nyuma yake mpaka Konstantino, mfalme wa Roma, alipouruhusu 313, na ulifanywa dini ya dola 380. Kwa hivo kizazi cha kwanza kiweke na kizazi cha kwanza, kiongozi akiwa hai na kiongozi akiwa hai.

Na ujue pia macho yetu hayaoni sawa pande zote. Habari za mwanzo wa dini kubwa nyingi tumezipata kwa wafuasi wenyewe, zimeandikwa zikapangwa na watu waliozipenda, maneno ya Buddha kwa mfano yalihifadhiwa kwa mdomo karne kadhaa kabla ya kuandikwa. Lakini kikundi cha Jim Jones cha Marekani, kile kilichomalizika Guyana 1978 na watu zaidi ya 900 wamekufa, kiliacha kanda mamia kwa mamia za sauti, mpaka ile ya dakika za mwisho ipo. Ya kale tunaona kwa mbali na ya juzi tunaona kila kidonda. Ndo maana mimi kwenye dini za kale natafuta hasa yale mambo ambayo mfuasi asingeyabuni kwa kujisifu, yale ya aibu au ya kumpunguzia kiongozi ukubwa, ukiyakuta yameachwa kitabuni ujue yana uzito.

Sasa uliza anafanya nini na nguvu aliyopewa

Hiki ndo kiini cha mambo yote. Karibu kila mwanzilishi alikuwa na mvuto, swali ni aliutumia kumfanyia nini yule anayemwamini.

Anza na pesa kwa sababu ni rahisi kuona. Usiulize kama wanatoa sadaka, kila mahali sadaka inatolewa, uliza inaishia kwa nani na kiongozi mwenyewe anakula wapi. Kuna hadithi mashuhuri, iko kwenye Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume, kwamba mjukuu wake, Hassan bin Ali, akiwa mtoto mdogo aliokota tende kwenye tende za sadaka akaitia mdomoni, na Mtume akamwambia "kikh, kikh", ile sauti ya kumwambia mtoto tema, akamwambia kwani hujui sisi hatuli sadaka? Tende moja! Zaka wenye haki ya kupewa wametajwa makundi manane kwenye sura ya Tawba na familia ya Mtume hairuhusiwi kuila. Upande mwingine Paulo, kwenye Matendo 18, yuko Korintho anashona mahema na Akila na Prisila, na baadae anawaambia wazee wa Efeso kwamba hakutamani fedha ya mtu, mikono yake ndo ilimlisha. Sasa weka Jones hapo. Wafuasi walitoa nyumba zao, mishahara, wazee wakatoa hela zao za uzeeni, wakaenda kulima kwenye msitu wa Guyana wakila wali mtupu karibu kila siku, na baada ya vifo yakapatikana mamilioni ya dola kwenye akaunti za nje.

Lakini usiruke sehemu ngumu. Mtu atakuletea Anania na Safira, Matendo 5, mume na mke waliouza kiwanja wakaficha sehemu ya pesa, wakaanguka wakafa. Ni habari ya kutisha na mwenye kulinganisha kwa haki lazima aiweke mezani. Ila soma na maneno ya Petro pale pale, anamwambia Anania kiwanja kilipokuwa chako si kilikuwa mali yako, na ulipouza si pesa zilikuwa kwenye uwezo wako? Yaani hakulazimishwa kuuza wala kutoa, kosa lililotajwa ni uongo. Mimi hiyo habari bado inanisumbua kidogo, lakini hilo swali la Petro kiongozi wa dhehebu potofu hawezi kuliuliza, kwake mali yako ilishaacha kuwa yako siku ulipoingia.

Baada ya pesa angalia anajidai nini jambo likitokea. Hapa kuna tukio moja ambalo kwangu linazidi mengine yote. Mwaka wa kumi Hijria, kama 632, Mtume alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto ambaye hata miaka miwili hajafika. Siku hiyo jua likapatwa. Madina yote inatazama juu, kiza mchana, na watu wakaanza kusema wenyewe, bila kuambiwa na mtu, jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Hebu fikiria kiongozi yeyote wa siku hizi wa miujiza apewe hiyo nafasi. Hahitaji hata kudanganya, anyamaze tu. Na huyu ni baba aliyetoka kuzika mtoto. Akasimama akawaambia jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Mwenye imani ataona hapo utume, asiye na imani ataona angalau mtu aliyekataa muujiza wa bure. Sasa chukua hicho kipimo upeleke kwa nabii wa mtaani kwenu, mvua ikinyesha baada ya maombi yake anasema nini, mkosoaji wake akipata ajali anasema nini mimbarini Jumapili.

Kisha kukosolewa. Paulo kwenye Wagalatia 2 anasimulia vile alimpinga Petro usoni kule Antiokia mbele ya watu wote, na Petro alikuwa mkubwa wake kwa kila hali, ameishi na Yesu mwenyewe. Na hiyo barua haikuchomwa, inasomwa makanisani mpaka leo. Kwenye vita vya Badr, Hubab bin Mundhir alimuuliza Mtume hapa tulipopiga kambi ni amri ya Mungu au ni maoni yako tu ya vita? Alipoambiwa ni maoni akasema basi hapa si mahali pazuri, na kambi ikahamishwa. Kwa Jones aliyekosoa aliitwa mbele ya mkutano akaaibishwa, na wengine wakapigwa. Ukitaka kujua kikundi kiko wapi tafuta swali dogo tu, la ratiba au la hesabu ya pesa za mradi, halafu tazama muulizaji anafanywa nini wiki inayofuata.

Mlango wa kutokea

Kama utauliza swali moja tu uliza hili, mtu akitaka kutoka anatokaje?

Yohana 6 inasema wengi wa wanafunzi walirudi nyuma wasiandamane tena na Yesu, mafundisho yalikuwa yamewashinda. Hakuna aliyewafuata. Akawageukia wale kumi na wawili akawauliza, je, nanyi mnataka kuondoka? Swali la wazi kabisa, na mlango uko wazi. Kwenye mkataba wa Hudaibiya wa 628, kati ya Waislamu na Maquraishi wa Makka, kulikuwa na sharti lililowauma Waislamu sana, kwamba mtu wa Makka akikimbilia Madina bila ruhusa ya mlezi wake arudishwe, lakini anayetoka Madina kwenda kwa Maquraishi harudishwi, na Mtume akalikubali.

Jonestown, ile kambi ya Jones kule Guyana, pasipoti zilikuwa zimechukuliwa na walinzi walikuwa na bunduki. Mbunge wa Marekani Leo Ryan alipofika Novemba 1978 kuchunguza, kuna waliompenyezea vikaratasi kuomba kuondoka naye, na alipokuwa anawapandisha ndege wakafyatuliwa risasi, akauawa pale uwanjani Port Kaituma, na saa hiyo hiyo kambini ndo sumu ilikuwa inagawiwa, watoto wakaanza wao.

Hapa sasa ndo pa kupima na kwenu. Dini kubwa zilipopata dola, mlango ulibanwa. Waislamu wana historia ya vita vya Ridda, dhidi ya waliojitoa baada ya Mtume kufariki, na hukumu za kuritadi, yaani kuacha dini, zilizoandikwa na mafakihi, na wanazuoni mpaka leo wanabishana zinahusu nini hasa wakati Quran inasema hakuna kulazimishana katika dini. Wakatoliki wana mahakama za Inkwizisheni, za kuwahukumu walioonekana wazushi, ile ya Hispania ilianza 1478. Mtu akikuletea hayo usikasirike, ana haki, mwambie ndio yalitokea. Halafu umuonyeshe jambo ambalo hiyo historia yenyewe inathibitisha, kwamba hii tabia haiji na jina la dini, inaingia popote ambapo mtu amepewa nguvu ya kutoulizwa, ikiwemo ndani ya dini ya miaka elfu moja.

Pale pale mlangoni angalia na familia. Luka 14 Yesu anasema mtu asipomchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wake, na hao wahubiri wa msituni wanalipenda sana hilo andiko. Lakini kwenye barua zenye jina la Paulo, ndani ya Biblia hiyo hiyo, imeandikwa kwamba asiyewatunza wa nyumbani kwake ni mbaya kuliko asiyeamini, na mwenye mke asiyeamini lakini anataka kuishi naye asimwache. Quran kwenye Luqman inasema wazazi wakikushurutisha umshirikishe Mungu usiwatii, ila kaa nao kwa wema duniani, na Asmaa binti Abubakar alipojiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina aliambiwa na Mtume amuunge mama yake. Tofauti ya imani ipo na inauma, ila simu inapokelewa. Kule Kanungu, Uganda, wafuasi wa lile vuguvugu la kurejesha Amri Kumi walikatazwa hata kuongea, wakawa wanaishi kwa ishara za mikono, sasa mke atamwambiaje mumewe kwamba amepata wasiwasi?

Tazama siku baada ya unabii kufeli

Kanungu hiyo hiyo inatupa mfano mzuri kuliko yote, na nitaiweka karibu na watu ambao ukiwaweka nao wanaweza kukasirika mpaka waone nilikokuwa naelekea.

William Miller alikuwa mkulima wa Marekani, aliyepiga hesabu kutoka kitabu cha Danieli akaona Yesu anarudi karibuni, na wafuasi wakashika tarehe, Oktoba 22, 1844. Maelfu waliamini, wengine waliacha mazao shambani bila kuvuna kwa sababu ya nini uvune. Usiku ukapita, asubuhi ikawa Oktoba 23. Walilia. Na kilichotokea baada ya hapo ni kwamba Miller alikiri hadharani amekosea, watu wakarudi makwao, wengi wakaacha, wengine wakakaa chini wakasoma upya, na kutoka kwa mabaki hayo likapangwa kanisa la Waadventista Wasabato 1863, hawa hawa waliofika Gendia, Nyanza, 1906 na leo ndo majirani zetu wenye shule na hospitali.

Kanungu walitabiri mwisho ni Desemba 31, 1999. Waumini walishauza mashamba na ng'ombe wakaleta pesa. Mwaka 2000 ukaingia kama kawaida, watu wakaanza kuuliza, na wengine kudai mali zao. Viongozi, Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde, na Dominic Kataribabo aliyewahi kuwa padri wa Kikatoliki, wakatoa tarehe nyingine. Ng'ombe wakachinjwa, makreti ya soda yakaletwa, watu wakala karamu, na Machi 17 kanisa likawaka moto na madirisha yamepigiliwa misumari, watu zaidi ya 500 ndani. Siku zilizofuata polisi wakachimba kwenye nyumba za hao viongozi wakakuta mamia ya miili mingine, mpaka Buziga pale Kampala, ya watu waliouawa kabla ya ule moto.

Pande zote mbili walikuwa na tarehe, wote walikuwa na andiko, wote walikuwa na watu walioacha vyao. Ukiwatazama tarehe 20 ya mwezi, kabla ya siku yenyewe, hungeona tofauti. Kwa hivo ukimsikia mtu ametabiri jambo likapita, acha kucheka, nenda kaangalie anawaambia nini wafuasi wake. Anasema nimekosea, au anasema nyinyi ndo imani yenu ilipungua?

Kifo cha kiongozi nacho kinapima, ila kwa haraka. Mtume alipofariki 632, Umar alikuwa anatishia yeyote atakayesema amekufa, na Abubakar akasimama akasema aliyekuwa akimuabudu Muhammad basi Muhammad amekufa, na anayemuabudu Mwenyezi Mungu, Mungu yu hai hafi. Buddha aliulizwa na wanafunzi nani atamrithi, akakataa kumtaja mtu, akasema mafundisho yenyewe ndo yawe mwalimu wao. Ambapo kikundi hakiwezi hata kufikiria kesho bila yule mtu, ogopa.

Usitumie kipimo cha kudumu

Kuna hoja moja nzuri sana kwenye Matendo 5, ya mwalimu Gamalieli, aliyewaambia wenzake wawaache hawa Wakristo, kama ni jambo la wanadamu litavunjika lenyewe na kama ni la Mungu hamtaliweza. Inatumiwa sana kwenye hii mada. Mimi naikubali kama hoja ya kuzuia serikali isiue watu kwa sababu ya imani, na ilifanya hiyo kazi siku ile. Kama njia ya kupima siikubali. Kuna vikundi vyema vilivyokufa na vibaya vilivyodumu, na zaidi ya hapo mtoto anayenyimwa chakula hana miaka mia ya kusubiri tuone kama litavunjika.

Na usipime mara moja ukaacha. Jones alianza Indianapolis miaka ya 1950 na kanisa lililochanganya weusi na weupe wakati ambao hilo lilihitaji ujasiri kweli, akalisha maskini, San Francisco wakampa uenyekiti wa mamlaka ya nyumba ya jiji. Mwaka ambao ungemchunguza ukamwona yuko sawa upo. Rudia yale maswali kila baada ya muda, hasa kikundi kikihama. Paul Mackenzie naye alikuwa na kanisa Malindi tangu 2003, mjini kabisa, watu wanaingia wanatoka, na mahubiri kwenye runinga, msitu ulikuja 2019. Kuhama mbali na majirani, shule, zahanati na barabara ni ile hatua ambayo ukiiona tu rudia maswali yote upya hata kama jana uliyajibu vizuri.

Ukiwa na ndugu yako ndani

Yote haya yana faida gani kama shangazi yako ndo ameanza kwenda? Usimpelekee neno dhehebu potofu, atajibu kwamba hata Yesu waliita hivo, hata Mtume waliita hivo, na kwa hayo niliyoeleza juu atakuwa sahihi, umempa silaha. Mpelekee maswali, moja moja, kwa heshima ya umri wake, si yote siku moja. Shangazi, mchungaji wenu akikosea ni nani humwambia? Yule jirani aliyeacha kuja siku hizi mnamtembelea? Sadaka ya ujenzi ilisomwa hesabu? Halafu nyamaza, usimalizie jibu. Wanaotoka mara nyingi hutoka kwa swali lao wenyewe, si kwa kushindwa mabishano.

Endelea kumpigia hata akikukaripia. Mwalike arusi, mpelekee mtoto amsalimie, asije akafika mahali amechoka na hana pa kurudi. Ila pesa usimkopeshe kwa ajili ya kule, na kama kuna hati ya shamba la familia wazee wakae mapema waamue inahifadhiwa na nani, kabla haijauzwa.

Na kuna mahali maswali yanaisha. Ukisikia watoto wametolewa shule, mgonjwa amekatazwa dawa zake za sukari au za presha au za ukimwi, watu wanafungishwa saumu kwa siku zisizo na mwisho, au ukoo mzima unauza vitu uhamie mahali ambapo hamruhusiwi kutembelea, hapo usianze kupima mafundisho. Nenda kwa chifu au mjumbe wa mtaa na polisi siku hiyo hiyo, muende wawili watatu, muombe namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu kwenye kitabu cha kituo, muandike tarehe na jina la afisa aliyewasikiliza, na mkiona kimya mpande ofisi ya juu yake. Kama kuna mtoto piga 116, ni laini ya watoto, ni bure, Kenya ipo na Tanzania ipo, na utaje mahali mtoto alipo kwa alama za karibu, kijiji, shule, kisima, njia ya kuingilia, sio jina la kanisa peke yake.